Laibrari ya Kusikiliza Mayai

Mama yangu haongei kwa simu, anatangaza. Akikupigia hakuulizi kama una nafasi, na ukimjibu hasikii kwa sababu tayari yuko kwenye jambo la tatu. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo huko Thika, katikati ya mitambo inayonguruma, na nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba mtu husema lake kwa sauti yote kisha anaendelea na shughuli zake. Akimaliza husema "haya basi" na kukata. Mtandao ukipotea katikati ya habari, anapiga tena na kuanza upya kutoka kwa salamu. Kwa hiyo nilijifunza mapema kumwahi akipiga mara ya pili: "Mama, mwisho ulikuwa kwa paka wa jirani." Hapo anakubali kuendelea kutoka kwa paka.

Kuna simu moja tu ambayo mama hatangazi kitu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ananiflashi. Simu inalia mara moja, inakatwa. Flashi moja maana yake nimeamka, niko mzima, usipokee. Flashi mbili maana yake nipigie sasa hivi, kuna jambo. Ole wako upokee ile moja. Niliwahi kuipokea kwa bahati mbaya nikiwa mwanafunzi Juja, na mama akatumia dakika nne kunieleza jinsi nilivyomlia kredo, salio lake la simu la dakika moja.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu mimi huandika programu za simu, na mwaka niliomzaa mtoto wangu wa pili niliandika laibrari ambayo tabia zake zote nilikuwa nimezijua tangu utotoni. Wakati naiandika sikuliona hilo. Nilidhani ni akili zangu.

Mama alipostaafu alinunua mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku la mbao na bati lenye ukubwa wa kabati, akaiweka nyumbani kwake katika mtaa wa Landless, Thika, mahali palipokuwa na kitanda cha wageni. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyelala kwa mama. Wamama wa kikundi chake humletea mayai, kila mmoja trei yake, na mama huyatia alama kwa biro: huyu msalaba, huyu mviringo, huyu nyota. Yanakaa humo siku ishirini na moja katika joto la nyuzi thelathini na saba na nusu. Joto likishuka kwa muda mrefu, kifaranga anafia ndani. Likipanda, anaiva. Na stima ya pale mtaani kwake ina mambo yake yenyewe, kwa hiyo mama huwa na vibuyu vya plastiki karibu, tayari kutiwa maji moto na kupangwa chini ya trei mpaka stima irudi.

Mara moja tu alimwachia mtu ufunguo. Alikuwa na mazishi, akamwomba jirani yake, mama Mwislamu anayeuza mapazia, amwangalizie. Jirani ni mtu mwema na mwema hana dawa. Alifungua mlango wa mashine kila nusu saa kuona kama mayai yanapumua. Mzigo wote ule uliharibika, na tangu hapo ufunguo wa nyumba hukaa kifuani mwa mama, umefungwa ndani ya kitambaa, na jirani aliambiwa kwa heshima zote asijihusishe tena na mayai.

Sasa kuhusu mtoto. Kwetu majina yana mpangilio. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, wa pili anapewa la mama wa mama yake. Wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuwa mlangoni mwangu Gitothua, Ruiru, siku ya tatu, akiwa na kuku wawili, debe la njahi, yale maharagwe meusi ya mama mzazi, na kundi zima la wamama wakiimba hadi mlinzi wa ploti akavua kofia. Wa pili ndiye aliyekuwa wa mama yangu. Alizaliwa, nikatuma picha, mama akapiga, akatangaza shukrani kwa Mungu, akasema ninywe uji, akasema haya basi. Nikaanza kungoja aje.

Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha.

"Hii mayai iko siku ya nane," aliniambia nilipouliza. Nilipouliza tena yalikuwa siku ya kumi na tano. Siku yalipoanguliwa nilifua mapazia, nikanunua mchele. Kumbe jioni ile ile alikuwa ameingiza mengine, kwa sababu wamama walikuwa kwenye foleni.

Nilikasirika. Sitajifanya kwamba nilimwelewa. Mwanamke ana mjukuu mwenye jina lake, mtoto anayekunja uso vilevile kama yeye, na anakaa Thika kulinda mayai ya watu. Mume wangu, mtu wa amani, alisema labda sisi tumpelekee mtoto. Nilimwambia mtoto haendi kumwona cucu, nyanya yake, cucu ndiye anayekuja kumwona mtoto, tena kwa wimbo na njahi, na kama ni kupeleka basi apeleke yeye na amnyonyeshe yeye. Akaenda kuosha vyombo. Lakini moyoni nilikuwa nasema neno moja tu, na nilikuwa nikilisema kila siku nikimwogesha mtoto: mama anapenda mayai kuliko wewe.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilifungua kompyuta. Kama kinachomzuia ni joto la sanduku, nikasema, basi joto la sanduku litakuja naye Ruiru ndani ya simu.

Mume wangu alinunua kifaa kidogo chenye kipimajoto, ukubwa wa kiberiti, cha kuwekwa kwenye mashine na kuunganishwa na rauta ya intaneti nyumbani kwa mama. Hicho ndicho kingekuwa seva, yaani msemaji. Simu ya mama ingekuwa msikilizaji. Njia ya kawaida ya simu kupata habari ni kuuliza: joto ngapi? Inajibiwa. Na sasa? Inajibiwa. Ni kama mtoto anayekuuliza kila dakika kama chapati zimeiva, na inamaliza bando na betri pamoja. Mimi nilichagua utaratibu mwingine, unaoitwa matukio yanayotumwa na seva. Hapo simu inapiga mara moja, halafu inanyamaza na kuacha laini wazi. Seva ikiwa na neno inalisema. Kila neno lina namba, na mwisho wake huwekwa mstari mtupu, maana yake nimemaliza, sasa unaweza kufanya kazi. Laini ikikatika, msikilizaji anangoja sekunde chache, anapiga tena na kusema: mwisho nilisikia namba arobaini na moja. Seva inaendelea kutoka arobaini na mbili, bila kurudia salamu.

Laibrari ni ile sehemu ya kusikiliza, iliyoandikwa vizuri kiasi kwamba mwandishi mwingine yeyote wa programu anaweza kuichukua na kuitumia kwake bila kujua ndani kuna nini. Ziko za watu wengine, zimejaribiwa na kutumika. Nilizitazama kwa dharau, kama mtu anayetazama ugali wa hoteli. Nikaandika yangu kwa Kotlin, lugha ambayo wengi wetu tunaandikia simu za Android, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umemshika mtoto kwenye ziwa. Wiki mbili nilikuwa mtu wa furaha. Nilikuwa na likizo ya uzazi, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na kazi ya kuifanyia hasira hiyo.

Kwenye kanuni za utaratibu huo kuna kifungu kimoja kidogo. Kinasema seva inaweza kutuma mara kwa mara mstari unaoanza na nukta mbili, usio na habari yoyote ndani, na msikilizaji aupuuze. Kifaa chetu kilikuwa kinautuma kila baada ya sekunde kumi na tano. Nilisoma neno "aupuuze", na mimi kwa kupuuza sihitaji kufundishwa. Nikaandika amri moja fupi: ukiona nukta mbili, tupa. Nilijipongeza kwa ufupi wake.

Halafu nikaijaribu. Nilizima data ya simu nikaiwasha, na laibrari ikapiga tena, ikataja namba yake ya mwisho, ikaendelea. Nilipiga makofi mtoto akaamka. Niliingia nayo bafuni ambako mtandao haufiki, nikatoka, ikaendelea. Nilifunga programu ya seva kwenye kompyuta, na simu ikalalamika papo hapo kwamba msemaji ameondoka. Sikuona jaribio lililobaki.

Mume wangu alikwenda Landless Jumamosi moja kuweka kifaa, akarudi na mayai ya kula na malalamiko ya mama. Kwenye simu ya mama sasa kulikuwa na namba moja kubwa. Ikiwa kijani, mayai yako sawa. Joto likitoka kwenye mpaka, namba inakuwa nyekundu na simu inapiga kelele ya kuamsha mtaa. Ili kuokoa bando, kifaa kilikuwa kinasema tu joto likibadilika kwa nusu nyuzi au zaidi. Mama alinipigia jioni hiyo.

"Hii kitu yako inasema nini?"

"Haisemi, mama. Joto likishuka, italia."

"Na isiposhuka?"

"Inanyamaza."

"Sasa ikinyamaza nitajua aje kama iko?"

"Mama, ikinyamaza ujue ni habari njema."

"Hata maiti imenyamaza," alisema. "Haya basi." Akakata.

Nilicheka. Nilimsimulia mume wangu, naye akacheka, halafu akaacha kucheka akauliza kama hilo swali lina jibu. Nilimwambia mama ni mtu wa kiwanda, amezoea kelele.

Mama alikubali kuja si kwa sababu ya laibrari yangu bali kwa sababu wamama wa kikundi walimchoka. Walikuwa wameshachanga njahi, unga na shuka za mtoto, vitu vimekaa kwa katibu wao mpaka panya akaanza kuvitembelea, na mmoja wao akasema waziwazi kwamba mtoto atakuja kutembea kabla hawajamwona. Siku ikapangwa, Jumamosi. Mayai yangekuwa siku ya kumi na nane. Mama alifunga nyumba, akatia ufunguo kifuani, akapanda basi dogo la kanisa na wenzake kumi na wanne, simu mkononi.

Walianza kuimba wakiwa bado kwenye lango la ploti. Nilikuwa nimemfukuza mume wangu tangu asubuhi, kwa kuwa hayo ni mambo ya wamama, na msichana wetu mkubwa alikuwa kwa cucu yake mwingine. Nilisimama mlangoni na mtoto. Mama alikuwa mbele, amefunga leso mpya, anaimba ameangalia chini ili asikanyage matope. Alipofika aliacha kuimba, akauliza bafu iko wapi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi na kunyoosha mikono. Nikamkabidhi.

Alimtazama sana. Mtoto naye akakunja uso.

"Haiya," mama alisema kwa sauti ndogo. "Huyu amekasirika na mimi."

"Ana haki," nikasema.

"Ako nayo," alisema. Nililia, na sikusingizia kitunguu.

Tuliandaa mukimo wa viazi na mahindi, nyama, chapati na chai. Wamama walijaa kwenye makochi, sahani kwenye magoti, wakipeana hukumu kuhusu masikio ya mtoto, kwamba rangi yake ya kweli iko pale. Simu ya mama ilikuwa juu ya meza imeegemezwa kwenye thamosi: 37.6, kijani. Nilikuwa nimekaa nikiitazama hiyo namba kwa majivuno, na kila aliyeniuliza ni nini nilimweleza zaidi ya alivyouliza.

"Imesema nini?" mama aliuliza, bila kuondoa macho kwa mtoto.

"Thelathini na saba nukta sita."

Baada ya muda akauliza tena. Nikajibu vilevile. Mara ya tatu alinyanyua uso.

"Tukiwa hapo Juja ilikuwa hiyo hiyo. Tukiteremka kwa lango, hiyo hiyo."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Joto limetulia."

"Mimi nalala na hiyo mashine," alisema. "Haijawahi tulia hivyo. Inapanda, inashuka, inapanda. Saa hii ingekuwa imesema kitu."

Nilianza kumweleza kuhusu nusu nyuzi na bando. Mama alikuwa ameshachukua simu, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili, na anampigia jirani wa mapazia. Alitangaza kwa ufupi sana: "Ni mimi. Stima iko?" Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa simu maishani. Akasikiliza.

Sauti ya jirani tuliisikia sote, maana naye huongea kwa nguvu. Stima ilikuwa imepotea tangu saa nne. Ilikuwa inaelekea saa saba. Mama akamuuliza kwa nini hakumwambia. "Si uliniambia nisijihusishe," jirani akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa kwa kuangalia namba yangu. Kila mama aliyekaa kwenye kochi langu alikuwa na trei ndani ya ile mashine. Walisimama wote kwa wakati mmoja, sahani mkononi. Mwenye msalaba alikuwa tayari mlangoni. Mwenye nyota alifunika sufuria ya mukimo na kuibeba, kwa sababu, alisema, hasira na njaa havikai pamoja.

"Mpe mama yake mtoto, twende," mmoja alimwambia mama.

"Sijamaliza kumwona," mama akasema, na akatoka naye.

Nilikimbia nyuma yake na begi la nepi, kandambili moja ya kwangu na moja ya mume wangu. Mume wangu aliporudi alikuta mlango wazi, chai inatoa moshi na hakuna mtu, na anasema alifikiria mambo mengi lakini mayai hayakuwa mojawapo.

Ndani ya basi nilikaa kando ya mama, simu yake mapajani mwangu. Bado ilisema 37.6. Bado ilikuwa kijani. Nilikuwa na muda wote wa kutoka Gitothua mpaka Landless kuelewa nilichofanya, lakini nilielewa kabla hatujapita Juja. Stima ilipopotea ilizima mashine, na dakika ile ile ikazima kifaa na rauta. Habari moja ambayo mama aliihitaji kuliko zote ndiyo habari ambayo msemaji wangu hangeweza kuisema, kwa kuwa alikuwa amekufa nayo. Nilikuwa nimeajiri mlinzi ambaye mwizi akija anaanza na yeye. Na yale majaribio yangu? Niliifunga seva kwa adabu, kwenye kompyuta, na programu ikifungwa kwa adabu huaga. Stima haiagi mtu. Simu ilibaki imeshika laini iliyokatwa upande wa pili, ikisubiri kwa uaminifu neno ambalo halikuwa linakuja, na wakati huo wote ikimwonyesha mama namba ya asubuhi.

"Mama, pole," nikasema. "Ni kosa langu."

Hakunigombeza. Alikuwa anamfunga mtoto vizuri kwa ile leso mpya. Baadaye akauliza, "Mimi nakuflashi kila asubuhi ya nini?"

"Kuniambia umeamka."

"Kwani hiyo flashi iko na maneno?"

"Haina."

"Na siku nisipoflashi?"

"Nakuja Thika."

"Sasa," mama alisema.

Nilitamani kushuka. Ule mstari wa nukta mbili usio na habari, uliokuwa ukija kila sekunde kumi na tano, ambao nilikuwa nautupa huku nikijipongeza, ulikuwa flashi. Kifaa kilikuwa kinaflashi asubuhi yote kuniambia kiko hai, kisha saa nne kikaacha, na laibrari yangu haikuona tofauti kwa sababu nilikuwa nimeiagiza isione. Mimi, mtu aliyelelewa kwa flashi.

Tulipofika Landless jirani alikuwa mlangoni na madebe mawili ya maji yanayotokota. Alisema kuchemsha maji si kujihusisha. Wamama walijipanga, na mama akaingiza mkono kifuani kutafuta ufunguo. Haukutoka. Mtoto alikuwa amefungwa juu yake, amelala fofofo, na kila mama akichimba upande mmoja ufunguo unakimbilia upande wa pili. Watu kumi na sita tulisimama tukimtazama mwanamke mzima akijipapasa, hakuna aliyethubutu kusaidia. Nilisema nimchukue mtoto.

"Wacha," akasema. "Nilikuja kumbeba."

Ufunguo ukatoka. Kipimajoto cha ndani kilikuwa thelathini na tatu. Vibuyu vilijazwa, vikapangwa chini ya trei, blanketi zikatupwa juu ya sanduku, na wale wamama, ambao saa moja nyuma walikuwa wakijadili masikio, wakalikumbatia sanduku lenyewe pande zote kana kwamba ni jamaa aliyetoka hospitali. Mama alikuwa anapita kati yao akitoa amri, mtoto sasa mgongoni, na mtoto hakuamka. Mimi nilikuwa napokezana na jirani kubeba maji. Nilimtazama mama akiinama na kuinuka, mkono mmoja kila mara ukirudi nyuma kushika kichwa cha mtoto, na lile neno nililokuwa nikilisema kwa miezi miwili likanirudi. Nilikuwa nimekosea. Nilikuwa nimekosea vibaya na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Mama hakuwa amechagua mayai. Alikuwa tu mtu asiyeondoka mahali penye kitu kinachomtegemea, na siku hiyo vilikuwa viwili, akabeba kimoja akikimbilia kingine.

Kibuyu cha mwisho kilipoingia, stima ikarudi. Taa ya mashine ikawaka, rauta ikawaka, na baada ya muda mfupi simu ya mama ikapasuka kwa kelele, nyekundu, ikitetemeka juu ya kiti, kutujulisha kwamba joto limeshuka.

Mama aliitazama. "Huyu amekuja na habari ya jana," alisema, na wamama wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulikula mukimo hapo hapo, karibu na sanduku. Halafu wakaimba upya, kwa kuwa wimbo wa kwanza ulikuwa umekatizwa na chakula, na mtoto wangu akaonwa rasmi katika chumba chenye harufu ya mayai.

Vifaranga walitoka siku tatu baadaye. Wengi walitoka wazima. Trei ya chini ndiyo iliyoumia zaidi, na ilikuwa ya mviringo, alama ya mama mwenyewe. Hakunitangazia hilo. Nililipata kwa jirani.

Nilirekebisha laibrari wiki hiyo hiyo. Hayakuwa maandishi mengi. Mstari wa nukta mbili bado hausomwi, lakini saa uliyofika inaandikwa. Flashi tatu zikikosekana, namba ya kijani inafutika kabisa, na simu inalia na kusema: sijui, nenda ukaangalie. Niliiweka laibrari mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuichukua, na haikupita muda mwandishi mmoja wa programu kutoka mbali akaniandikia kwamba nimekiuka kanuni, kwa kuwa kanuni zinasema mstari ule upuuzwe. Nilimjibu kwamba flashi haipokelewi lakini haipuuzwi. Aliniuliza flashi ni nini. Nilimwandikia aya tano. Sasa naye anaitumia laibrari yangu, ingawa sijui anasikiliza nini.

Jumatatu iliyofuata siku ya wamama, saa kumi na mbili asubuhi, simu ililia mara moja ikakatwa. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, nikashukuru Mungu moyoni kama kawaida. Kabla sijamaliza ikalia tena, ikakatwa. Flashi mbili. Niliruka na mtoto kwenye ziwa, nikapiga, nikiona sanduku linawaka moto, nikimwona mama sakafuni.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unapiga ya nini?"

"Umeflashi mbili."

"Ya kwanza ndiyo yako," mama alisema. "Hiyo ingine ni ya wajina wangu. Wewe inakuhusu nini? Haya basi."

Akakata. Tangu siku hiyo ishara ya "nipigie" imekuwa flashi tatu. Zikilia mbili, ya kwanza naiacha inipite, na ya pili namwambia mtoto, "Hiyo ni yako." Hatupokei.